Mtunzi Hatunzwi: Mtunga Nyimbo na Milango ya Biashara ya Muziki, 1928 Hadi Leo

Utangulizi

Katika somo la fasihi simulizi tunafundishwa, na wakati wa mitihani tunarudisha kama tulivyopewa, kwamba kazi ya fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima na kwamba mtunzi wake hajulikani. Ikifika mada ya tanzu, tunaambiwa kwamba nyimbo ni utanzu mmojawapo wa fasihi simulizi. Mwanafunzi anayetafuta alama za haraka anajumlisha mawili hayo na kupata jibu moja: wimbo hauna mwenyewe. Nimeliona jibu hilo kwenye karatasi za wenzangu likiwa limepigiwa vema, na nimelisikia semina bila hata mtu mmoja kunyoosha mkono.

Mimi nasema jibu hilo si sahihi, na zaidi ya kutokuwa sahihi lina madhara. Hapa kwetu Afrika Mashariki wapo watu waliotunga nyimbo kwa akili zao na kwa kalamu zao, wakatafuta njia ya kuingia katika biashara ya muziki ili waishi kwa jasho lao. Wengi walifika mlangoni, nyimbo zao zikaingia, wenyewe wakabaki nje. Makala hii inafuatilia milango hiyo tangu enzi za santuri, kupitia redio na bendi za mashirika, hadi kanda na studio za siku hizi. Hoja yangu ni kwamba katika kila mlango jina la mtunzi ndilo lililodondoka kwanza, na kwamba sisi wahakiki, kwa kauli yetu ya "mali ya jamii", tumekuwa tukiwasaidia waliolidondosha.

Ninaposema mtunzi nina maana ya mtu anayetunga maneno ya wimbo, au maneno pamoja na sauti yake, awe anauimba mwenyewe au anampa mwingine auimbe. Wale wasioimba ndio hasa walionisukuma kuandika, maana mwimbaji akidhulumiwa walau watu wanaijua sura yake.

Kutunga na kutunzwa

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Nenda kwenye onyesho lolote la taarabu utaona maana yake kwa macho: akina mama wanainuka na noti mkononi, wanatembea kwa madaha hadi jukwaani, wanamtunza mwimbaji. Anayetunzwa ni yule anayeonekana. Aliyekaa nyumbani usiku akitafuta vina na kuhesabu mizani hatunzwi, kwa sababu hayupo pale, au yupo amekaa nyuma na hakuna anayemjua. Maneno mawili, kutunga na kutunza, yanakaribiana sana masikioni, lakini katika historia ya muziki wetu yamekaa mbalimbali.

Taarabu inatufaa kuanzia kwa sababu humo kazi zimegawanyika waziwazi. Yupo mshairi anayetunga maneno, yupo anayeyatilia sauti, na yupo anayeimba. Wakati mwingine mtu mmoja hufanya yote, lakini mara nyingi ni watu watatu. Chukua mfano wa Mombasa. Ahmad Nassir Juma Bhalo tunamfahamu sote: diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitoka mwaka 1971 na imesomwa na kuhakikiwa na vizazi vya wanafunzi. Mshairi huyohuyo alikuwa akimtungia nyimbo binamu yake, mwimbaji mashuhuri wa taarabu Juma Bhalo. Sasa tazama maajabu. Shairi lake likiwa kitabuni, ni andishi lenye mwenyewe, na ole wako usipotaja jina lake na mwaka. Shairi lake likitiwa sauti na kuimbwa harusini, huku chuoni linahama linakuwa simulizi, na ghafla halina mtunzi! Kalamu ni ileile, mkono ni uleule, vina ni vilevile. Kilichobadilika ni njia ya kumfikia msikilizaji tu.

Ahmad Nassir walau alikuwa na kitabu cha kumlinda. Wenzake wengi hawakuwa nacho.

Santuri

Biashara ya muziki kwa maana ya kurekodi na kuuza ilitukuta bila studio wala kiwanda. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, India, kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Siti alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, hakujua kusoma wala kuandika, na alifika mjini akiwa hana jina. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, na kitabu hicho kinatosha kutuonyesha umbali aliotoka mwanamke yule. Sina nia ya kumpunguzia heshima hata chembe.

Lakini Siti hakwenda Bombay peke yake. Alikuwa na kundi lake, akiwamo mpiga udi, mpiga fidla, mpiga dafu na mwimbaji mwenzake, na watafiti waliowahoji wazee wa Unguja wanatueleza kwamba nyimbo nyingi za kundi lile zilitungwa kwa kushirikiana: mmoja analeta habari ya mtaani, mwingine anaipangia maneno, mwingine anaitafutia sauti. Walitunga juu ya mahakimu, wezi, matajiri na wanawake walioonewa. Santuri iliporudi Zanzibar ikiwa imefungwa kwenye karatasi, kilichouza ni jina la Siti. Kampuni ilihitaji jina moja la kutangaza. Hivyo ndivyo biashara ilivyotufundisha somo la kwanza: wimbo ni wa anayeuimba.

Baada ya vita vya pili vya dunia milango ya santuri ikasogea karibu. Nairobi pakawa na studio na kiwanda, na Mombasa pakawa na wafanyabiashara wa Kihindi waliorekodi muziki wa pwani na wa bara. Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro, mtunzi aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, alirekodi kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa. Mtu atoke Morogoro, avuke mpaka, akarekodi nyimbo zake Mombasa ili zirudi kuuzwa Morogoro! Mbaraka Mwinshehe naye, baada ya Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, alifanya kazi na kampuni ya Polygram ya Kenya, na kifo kilimkuta hukohuko Mombasa, kwa ajali ya gari, Januari 1979. Katika miaka hiyo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo mtunzi wa Kitanzania aliyetaka kazi yake ishikike mkononi ilibidi ampelekee mtu wa nchi nyingine, kwa masharti ya huyo mtu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wimbo Malaika. Fadhili William aliurekodi na kundi lake la Jambo Boys huko Nairobi, katika studio ya Equator Sound ya Charles Worrod, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba katika santuri yao ya mwaka 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy. Boney M. wakautoa mwaka 1981. Angélique Kidjo akauimba mwaka 1991. Dunia nzima ikajifunza Kiswahili kidogo kupitia wimbo ule. Na mtunzi ni nani? Fadhili alidai hadi kufa kwake mwaka 2001 kwamba ni yeye. Wapo wanaosema Grant Charo aliwahi kuurekodi kabla yake. Na hapa Tanzania, Adam Salim alidai kwamba aliutunga yeye, tangu mwaka 1945, kwa ajili ya binti aliyempenda wakanyimwa kuoana.

Sikuandika makala hii ili kuamua kesi hiyo. Ninachotaka tuone ni namna kesi yenyewe ilivyowezekana. Wimbo ulizunguka kwa miaka mingi katika vinywa vya watu bila karatasi. Studio ilipoukamata, ikaandika jina la aliyekuwa mbele ya kipaza sauti siku ile. Tangu hapo karatasi ya studio ndiyo ikawa ukweli, na kila aliyekuja baadaye na madai alionekana mzushi. Ikiwa Adam Salim alisema kweli, basi alisikia wimbo wake ukiimbwa na nyota wa Marekani na Ulaya akiwa hana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha. Ikiwa Fadhili alisema kweli, basi aliishi maisha yake yote akiulizwa kama kweli ni wake. Kwa vyovyote vile yupo mtunzi aliyeumia.

Mtu atasema labda ndivyo ilivyokuwa lazima iwe kwa nyimbo zetu. Hapana. Kutoka studio hiyohiyo ya Equator alitokea Daudi Kabaka, na wimbo wake Helule Helule ulipoimbwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968, jina lake lilikuwamo kama mtunzi. Kwa hiyo uwezekano wa kuandika jina la Mwafrika kwenye santuri ya Ulaya ulikuwapo. Palipotakiwa, liliandikwa.

Redio na bendi za mashirika

Tanganyika ilipata kituo chake, Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1951. Mwaka 1965 utangazaji ukawekwa chini ya Serikali na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa karibu miaka thelathini RTD ilikuwa studio, mkaguzi na soko kwa wakati mmoja. Bendi ilikuja, ikarekodi, na wimbo ukasikika kutoka Bukoba hadi Mtwara. Kusema kweli kama si maktaba ya RTD tusingekuwa na historia ya kuandika, na hilo lazima tulikubali.

Lakini mlango huo ulikuwa na bawabu wake. Kabla ya kurekodi, maneno ya wimbo yaliandikwa na kupelekwa kwa kamati iliyoyasoma ili kuona kama yanafaa kwa maadili na siasa ya nchi. Wanafunzi wenzangu wa fasihi, hebu tulifikirie jambo hili. Hapa palikuwa na chombo kilichosoma maneno ya nyimbo neno kwa neno, kikatafuta mafumbo, kikauliza mtunzi amekusudia nini. Huo ni uhakiki! Na mhakiki huyo hakusema kwamba wimbo ni mali ya jamii isiyo na mtunzi. Alijua fika kwamba yupo mtu wa kuulizwa. Mwaka 1990 Remmy Ongala alipotoa Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wakati ukimwi unatumaliza, redio ilikataa kuupiga. Hakuna aliyesema jamii imetunga matusi. Ilisemwa Remmy. Jina la mtunzi lilikumbukwa sana palipokuwa na kosa. Palipokuwa na pesa lilipotea.

Mlango wa pili wa enzi hiyo ni bendi za mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa vya mwenye bendi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Utaratibu huu uliwapa watu mshahara wa mwezi, jambo ambalo mtunzi wa leo analitamani. Ila ulikuwa na bei yake. Mtunzi alipohama, wimbo wake ulibaki.

Na kuhama kulikuwa kwingi. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka JUWATA mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, na mwaka 1985 yeye na Hassan Rehani Bitchuka walikuwa miongoni mwa waliokwenda Orchestra Safari Sound. Kila walipokwenda walitunga. Magazeti na wapenzi wa muziki waliona vita vya bendi na ushabiki wa mitindo, Sikinde na Msondo. Mimi nikiangalia sasa naona pia watu waliokuwa wakitafuta mahali ambapo utunzi wao ungewalipa, wakikuta kila mahali mkataba ni uleule: mshahara ni wako, wimbo ni wa bendi.

Huenda mtu akauliza sheria ilikuwa wapi. Ilikuwapo. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1966. Tatizo ni kwamba hapakuwa na chombo cha kukusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi, na mtunzi mmojammoja asingeweza kwenda kuidai redio ya Serikali. Chombo hicho, COSOTA, kilianzishwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hesabu mwenyewe: ni miaka thelathini na mitatu kati ya sheria na chombo. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, mtunzi ambaye mashairi yake yana visa vyenye mwanzo, kati na mwisho kama hadithi fupi, alizaliwa mwaka 1955 akafariki mwaka 1995. Maisha yake yote ya muziki yalikwisha kabla chombo hicho hakijazaliwa.

Kanda, FM na studio

Miaka ya 1980 kanda zikafika kila nyumba. Mtu mwenye redio kaseti mbili alikuwa na kiwanda sebuleni. Nyimbo za RTD zilirekodiwa hewani na kuuzwa barabarani, na wala hakuna aliyeona haya. Mwaka 1993 sheria iliruhusu vituo binafsi vya utangazaji, na tangu mwaka 1994 tukaanza kusikia redio nyingine. Vijana wakaingia na rap ya Kiswahili, ikaja Bongo Fleva. Wasambazaji wa kanda wakawa ndio wenye mlango: unapeleka kazi, unapewa fedha kwa mkupuo, unaondoka. Kanda ikiuza sana, furaha ni ya msambazaji.

Jambo moja lilibadilika, nalo ni zuri: wanarap wengi walitunga na kuimba wenyewe, kwa hiyo mtunzi akapata sura. Lakini yule mtunzi asiyeimba akazidi kufichika, kwa sababu sasa mashabiki wanaamini kila msanii anaandika mwenyewe, na msanii anaona aibu kukiri kwamba ameandikiwa.

Ninaye rafiki tunayekaa naye chumba kimoja hosteli. Haimbi, sauti yake ni ya kuitia watu chakula. Lakini anatunga. Ana daftari la kaunta buku ambalo kila wimbo umeandikwa tarehe. Mwaka jana bumu lilipotoka alilipia nauli na saa mbili za studio moja ya mjini, akawaghania pale wimbo wake, wakamwambia kibwagizo kimekaa vizuri, aache, watampigia. Hawakupiga. Miezi minne baadaye tukiwa kwenye daladala tunatoka Mwenge tukakisikia kibwagizo kile redioni, kwa sauti nyingine, na beti zimebadilishwa kidogo. Alicheka. Halafu akashuka kituo ambacho si chetu.

Alipokwenda kuuliza aliambiwa maneno ambayo niliyaandika siku ileile: maneno ya mapenzi ni ya wote, bwana mdogo, kila mtu anasema hivyo mtaani. Hebu yatazame maneno hayo kwa makini, ndugu msomaji. Hayo ni maelezo yetu ya fasihi simulizi! Mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa letu ameyatumia kama tunavyoyatumia sisi, ila yeye ameyatumia kufungia mlango.

Na kisheria yule jamaa wa studio hakuwa na pa kusimama. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unasema haki ya mtunzi inatokana na kutunga kwenyewe wala haingoji kusajiliwa. Daftari lenye tarehe ni ushahidi. Lakini rafiki yangu hakudai. Aliniambia akidai, studio nyingine zote zitasikia, na hapo ndipo hataingia kabisa. Hii ndiyo hali ya mtunzi mchanga: anajua ameibiwa, na anaogopa kwamba kupiga kelele ndiko kutakakomfungia milango iliyobaki.

Je, wimbo si wa wengi?

Najua wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema wimbo wa dansi hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Mtunzi analeta maneno na mwelekeo wa sauti, halafu mpiga solo anaweka lake, mpiga besi anaweka lake, wapuliza tarumbeta wanajibizana, na waimbaji wanagawana beti. Ukiondoa hayo, wimbo wa Mlimani Park haubaki. Hata kundi la Siti, kama nilivyosema, lilitunga kwa kushirikiana. Sasa mtunzi mmoja anatoka wapi?

Nakubali yote hayo. Lakini tazama tumefika wapi: tumefika kwenye watu kumi na wawili mazoezini. Watu kumi na wawili wana majina. Tunaweza kuyaandika kwenye ukurasa mmoja na nafasi ikabaki. "Jamii" haikuwapo mazoezini siku ile, na haikushika gitaa. Kutoka "walitunga wengi" hadi "hakuna aliyetunga" ni kuruka mto mpana, na sisi tunauruka kila siku bila kulowa.

Wala si mimi wa kwanza kusema haya. Ruth Finnegan, katika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika kilichotoka mwaka 1970, alipinga dhana kwamba kazi za Kiafrika zinatungwa na umma tu, akaonyesha nafasi ya msanii mmojammoja. Kitabu kipo. Tatizo ni sisi tunaopenda orodha ya sifa tano za kukariri, maana orodha inajibu swali la mtihani haraka.

Tena suala hili si la darasani tu. Sheria ya mwaka 1999 inatenganisha kazi yenye mtunzi na sanaa za jadi. Kazi yenye mtunzi ni ya mtunzi. Sanaa za jadi zinalindwa kwa utaratibu mwingine, chini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa hiyo mtaalamu wa fasihi akiitwa kueleza wimbo fulani ni wa namna gani, neno lake moja linaweza kuuhamisha wimbo kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Mtaalamu huyo kesho na keshokutwa atakuwa mmoja wetu. Je, atajibu kwa kukariri?

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba tangu Bombay mwaka 1928 hadi daladala ya Mwenge, ugumu wa mtunga nyimbo haukuwa katika kutunga. Nyimbo hazikukosekana. Ugumu ulikuwa katika kuingia na wimbo wake akiwa ameushika mkono. Kampuni ya santuri ilitaka jina moja, studio iliandika aliyesimama mbele ya kipaza sauti, redio ilimtaja palipokuwa na kosa, bendi ya shirika ilimlipa mshahara ikabaki na wimbo, na msambazaji alinunua mara moja akauza mara elfu. Hata leo, wimbo ukiwekwa mtandaoni, jina la mwimbaji huandikwa kwa herufi kubwa, na la mtunzi, likiwapo, hutafutwa kwa kubonyeza mara tatu.

Sisi hatuna studio wala redio. Tuna kalamu. Napendekeza mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti. Kwanza, mtu yeyote anayehakiki wimbo katika semina, tasnifu au katika kurasa hizi, aandike jina la mtunzi, aliyetia sauti, mwimbaji, bendi na mwaka, kama tunavyofanya kwa kitabu. Asipolipata jina aseme amelitafuta wapi, asijifiche nyuma ya "jamii". Pili, wazee wa dansi na taarabu waliobaki, wanaoishi Kariakoo, Morogoro, Tanga, Unguja na Mombasa, wafuatwe na kuulizwa nani alitunga nini, kabla hawajatutoka. Gurumo alifariki mwaka 2014. Juma Bhalo alifariki mwaka huohuo. Kila mwaka orodha ya wa kuulizwa inapungua.

Rafiki yangu bado anatunga. Wiki iliyopita alinisomea wimbo mpya, akaniomba nitie sahihi na tarehe chini ya ukurasa kama shahidi. Nikatia. Walimu wetu na wenzangu mnaoona kwamba nimetia chumvi, au kwamba nadharia ya mali ya jamii bado ina kazi mbele ya nyimbo za namna hii, uwanja ni wenu. Andikeni, tujibizane.